Alama ya Kumi na Mbili

Kwenye duka la dawa la pale Bukoto wamenichoka, na siwalaumu. Kila mwezi nikipewa insulini yangu naigeuza chupa, navaa miwani, nauliza, "Hii nguvu yake ngapi?" Binti anayesimama nyuma ya kioo ni wa umri wa mjukuu wangu. Ananijibu kwa upole ule wanaouweka kwa ajili ya wazee na walevi.

"Mzee, hapa kwetu zote ni mia siku hizi."

"Sijauliza zote. Nimeuliza hii."

"Imeandikwa hapo."

"Isome wewe, kwa sauti."

Anasoma. Watu kwenye foleni wanakohoa. Nasoma baada yake, kidole juu ya namba, halafu nageuza pakiti ya sindano kuona kama nazo zinasema mia. Mara moja kijana wa bodaboda aliyesimama nyuma yangu alisema ameona watu wakinunua ng'ombe kwa maneno machache kuliko haya. Nilimwambia ukikosea ng'ombe unapoteza ng'ombe tu.

Sukari nimerithi kwa mama yangu. Hili swali sikurithi kwake. Nilifundishwa na asubuhi moja ya mvua, Old Kampala, mwaka mmoja hivi baada ya vita vya themanini na sita, na hasira yake bado ninayo, nzima kama ilivyokuwa.

Tulikaa chumba na sebule nyuma ya duka la zamani la Wahindi, mama na mimi. Sisi ni wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan na Waingereza, na miaka ile mtu wa kwetu, aliyehesabiwa mtu wa utawala wa kijeshi wa zamani, alitembea mjini akiangalia mbele tu, asije akajibu swali ambalo hajaulizwa. Mimi niliuza viungo soko la Nakasero: pilipili, bizari, tangawizi, iliki ikipatikana. Tulipima kwa makopo. Nami niseme ukweli, maana wote waliokuwa wakidanganya pamoja nami wamekwisha zeeka: kopo la Nakasero halikuwa kopo. Unalichukua likiwa jipya, unaligonga kitako kwa nyundo mpaka kinaingia ndani kama tumbo la mtu mwenye njaa, na mteja anaona limejaa mpaka juu. Nilijua kila aina ya kopo na kila aina ya uongo wa kopo. Mtu akinipimia, nilitia kidole ndani kwanza. Kila kitu nilihesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mwenzangu na ya pili kwa ajili yangu.

Ndiyo maana nyumbani mimi ndiye niliyekuwa daktari. Mama macho yalishaanza kuingia ukungu, hakuziona alama za bomba la sindano. Bomba lenyewe lilikuwa la kioo, moja tu, tunalichemsha kwenye sufuria kila asubuhi pamoja na sindano yake, na sindano ikifa makali tunainoa kwenye jiwe kama kisu cha nyanya. Chupa ya insulini ilikaa ndani ya mtungi mdogo wa udongo, na huo mtungi tuliufukia nusu kwenye beseni la mchanga uliolowa, kwa sababu friji lilikuwa kitu cha kusikia kwa jirani. Mkojo tuliupima kwenye sigiri, juu ya makaa. Dawa ya bluu kwenye kibomba cha kioo, matone manane ya mkojo, unachemsha. Ikibaki bluu, mshukuru Mungu. Ikiwa kijani, nyamaza. Ikiwa njano, muulize amekula nini kwa nani. Ikiwa nyekundu kama tofali, kuna vita. Siku nyingi sisi tulijenga nyumba nzima ya matofali.

Mjini hakukuwa na sukari. Ilipatikana kwa foleni, kwa kujuana, kwa kibali cha mtu fulani. Mgeni alipewa chai na chumvi na hakuuliza. Mama alikuwa akisema, "Uganda nzima haina sukari, mimi ninayo mpaka kwenye mkojo, na bado hawanipi cheo."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Siku ya kwanza kliniki walipomwambia kwamba dawa hii inatolewa kwenye kongosho la mnyama, alimtazama nesi muda mrefu.

"Mnyama gani?"

"Ng'ombe, mama. Au nguruwe. Inategemea chupa."

"Basi mimi nitafutie ng'ombe. Huyo mwingine mpe aliyemzoea."

Imamu alikwisha sema kwamba kwa mgonjwa yote mawili ni ruhusa. Mama alisema imamu hajadungwa. Kila tukipewa chupa mpya alinituma niulize ni ya ng'ombe, nami niliuliza, na mtoa dawa alijibu ndiyo bila kuangalia. Nikiyakumbuka haya yananiuma: tuliuliza mnyama. Kila mara tuliuliza mnyama.

Kliniki ilikuwa kila Jumanne ya pili. Benchi moja refu, wagonjwa kumi na mmoja, walewale. Mwisho wa benchi, karibu na mlango, alikaa mzee mmoja fundi cherehani ambaye alikuja na mto wake mwenyewe wa kukalia, wa kitambaa cha maua. Yeye na mama walikuwa na mchezo wao.

"Leo umeleta rangi gani, mama?"

"Tofali. Na wewe?"

"Mimi njano. Nimebadilisha chama."

Nesi wa kliniki ile, wauguzi wote tuliwaita musawo kama Waganda wanavyowaita, alikuwa na hotuba moja tu, na alitupigia kila Jumanne. Sukari ni sumu. Kijiko kimoja ni sumu. Mgonjwa atalia, atadanganya, atajifanya anazimia ili mumpe. Msimpe. "Nyinyi wa nyumbani ndio mnaowaua kwa huruma." Alipofika hapo alikuwa ananitazama mimi.

Nikaenda nikanunua kufuli. Kopo letu la sukari, sukari yenyewe robo kilo ya wageni, nilitoboa masikio mawili nikalifunga, na ufunguo ukakaa mfukoni mwangu. Mama hakusema kitu siku ile. Siku ya pili alianza biashara.

"Nusu kijiko."

"Hakuna."

"Robo. Mwanangu, robo haifiki hata kwenye jino."

"Sifuri, mama."

"Nilikuzaa bure."

"Ulinizaa bure, ndiyo maana sukari sikupi hata kwa pesa."

Tulicheka. Tulicheka hivyo miezi mingi, nami nilijiona mwana mwema mwenye msimamo.

Jumanne moja mtoa dawa alitoa chupa kwenye katoni jipya. Katoni lilikuwa na kibandiko cha watu wa ng'ambo, msaada. Chupa ilikuwa na ukubwa uleule, maji meupe yaleyale, mpira uleule mdomoni. Maandishi yalikuwa madogo, ya Kiingereza. Niliuliza kama ni ya ng'ombe. Alisema ndiyo. Mbele yetu fundi cherehani alipokea ya kwake, akaifunga kwenye leso, akauweka mto wake kwapani, akamwambia mama, "Wiki mbili zijazo mimi nakuja na bluu. Nakutahadharisha."

Kesho yake asubuhi mvua ilinyesha, sikwenda sokoni mapema. Nilichemsha bomba. Dawa ya mama ilikuwa alama thelathini. Nilivuta mpaka thelathini, nikalinyanyua bomba dirishani, nikahesabu. Nikahesabu tena. Thelathini. Nikamdunga. Akala kipande cha muhogo na chai isiyo na kitu, nami nikakaa mlangoni kuchambua pilipili.

Haikupita saa nzima akaniita.

"Nipe sukari."

"Tumeshaanza leo?"

"Sifanyi mchezo. Nipe kidogo."

Niligeuka. Alikuwa anatoka jasho. Nilidhani ni moshi wa sigiri. Mikono ilimtetemeka, nikasema moyoni, musawo alisema watajifanya.

"Mama, nusu saa iliyopita ulikuwa mzima."

"Nakuomba."

Mama yangu hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa mtu wa kupatana bei. Hilo peke yake lingenitosha kama ningekuwa na akili, kwa sababu sokoni mtu akiacha kupatana bei na kuanza kuomba, unajua kuna maiti nyumbani kwake. Lakini mimi nilikuwa na msimamo. Nilimwambia anywe maji. Akaniita kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani, akacheka kidogo peke yake, akalala ubavu. Nikasema, vizuri, amekasirika, apumzike. Nikarudi kwenye pilipili. Mimi, mwenye kuhesabu mara mbili, sikwenda kumwangalia mara ya pili.

Aliyemwona ni jirani yetu, mama mmoja Mkenya, Mkristo, muuza chapati. Zamani kwao alikuwa akipiga deki wodini katika hospitali ya wamisheni, miaka minane. Aliingia kuomba kibiriti. Akamgusa mama shingoni, kiganja kikatoka kimelowa.

"Huyu ni baridi. Mbona ni baridi hivi? Alidungwa?"

"Asubuhi."

"Lete sukari."

"Sukari ni sumu kwake, dada."

"Sumu ni wewe na hiyo funguo yako. Mgonjwa wa sukari akiwa moto na mkavu, imepanda. Akiwa baridi na maji, imeisha. Nimefuta hiyo jasho yao kwa sakafu miaka nane. Lete."

Mfuko ule niliupapasa kama si wangu. Ufunguo haukuingia, kisha ukaingia. Nikafungua kopo. Na hapa niandike nilichofanya, kwa sababu nimewahi kukisimulia kwa kukiruka: nilichukua kijiko, nikachota, nikakisawazisha kwa kidole. Nilipima. Mama yangu amelala mdomo wazi, nami nasawazisha kijiko.

Yule jirani alininyang'anya kopo mikononi. Akamgeuza mama kwa ubavu, akalowesha vidole vyake, akavichovya kwenye sukari, akaanza kumsugua nayo ufizini, ndani ya mashavu, kidogo kidogo, akichovya, akisugua, akimwita, "Mama, amka, amka uniambie kibiriti kiko wapi." Alisugua mpaka robo kilo ya wageni ikawa nusu yake, nyingine imemwagika kwenye mkeka. Mama akameza. Akameza tena. Tukampakia kwenye toroli la mizigo la kijana wa jirani, gunia juu yake kwa ajili ya mvua, tukasukuma mpaka hospitali.

Walimtundikia maji ya sukari. Nilisimama pale nikiitazama ile chupa ikidondoka, sukari ikiingia moja kwa moja kwenye mshipa wa mtu niliyemnyima robo kijiko.

Daktari wa wodi alikuwa mzee, koti limeisha kwenye mikono. Hakunigombeza. Aliniambia nirudi nyumbani nilete chupa na bomba. Nilipoleta alivisogeza dirishani, akavitazama, akauliza nafanya kazi gani.

"Nauza viungo. Nakasero."

"Pilipili hoho unayo?"

"Ninayo."

"Na ile ndogo, kichaa?"

"Ninayo."

"Mtu akizoea kutia kijiko kimoja cha hoho, siku moja ukamwekea kichaa ndani ya kopo lilelile bila kumwambia, atakula nini?"

Akaigonga chupa kwa ukucha.

"Chupa zenu za zamani zilikuwa nguvu arobaini. Bomba lako ni la arobaini. Chupa hii ni nguvu mia. Ng'ambo huko wamehamia mia, ili wote watumie kitu kimoja, watu wasichanganyikiwe." Alilisema bila kucheka. "Wewe umevuta thelathini za bomba lako. Mama yako amepata sabini na tano."

Nilihesabu. Nikahesabu tena. Vipimo viwili na nusu. Nilikuwa nimetia kidole kwenye kopo, kitako hakikugongwa, kopo lilikuwa halali kabisa. Walibadilisha kilichomo.

Yule daktari aliniambia mengine, wodi ilikuwa kimya siku ile. Kwamba kabla dawa hii haijagunduliwa, mgonjwa wa sukari, hasa mtoto, waliweza tu kumnyima chakula, wakimvutia siku kwa njaa mpaka akafa mwembamba. Kwamba ilianzia kwa mbwa, wakafuata ng'ombe na nguruwe. "Watu walifanya kazi kubwa kuitia kwenye chupa," alisema. Nilimwambia kazi ya kuitoa kwenye chupa walituachia sisi. Akasema andika: mpaka upate bomba la mia, thelathini ya mama yako ni alama ya kumi na mbili ya bomba lako. Niliandika kwenye mkono.

Kesho yake nikaenda kliniki. Haikuwa Jumanne. Mtoa dawa alikuwa na kijiti cha meno mdomoni.

"Chupa ulizotoa juzi ni nguvu mia."

"Imeandikwa, ssebo."

"Bomba zake ziko wapi?"

"Hazikuja. Zilikuja chupa."

"Ulijua?"

"Imeandikwa."

"Mama yangu anasoma Kurani. Maandishi yako ni ya Kiingereza na ni madogo kuliko chawa."

Alitoa kijiti. "Hiyo dawa ni ya bure. Cha bure unataka na maelezo?"

Nimepatana bei na Waganda, Wakenya, Wakongo, askari mlevi mwenye bunduki. Siku ile ndiyo pekee niliyokosa bei ya kutaja. Nilimkumbusha serikali ilipokata sifuri mbili kwenye shilingi. Mwaka uleule. Ilitangazwa redioni kwa kila lugha, mpaka bibi kipofu kijijini alijua kwamba mia yake sasa ni moja. Kwa ajili ya shilingi, ambayo hainunui kitu. "Hii inaingia kwenye mwili wa mtu," nikasema, "na wewe hukuwa na mdomo?"

Alisema nikimaliza kupiga kelele nifunge mlango.

Wenzetu wa benchi sikujua wanakokaa. Jumanne ya kliniki ilipofika nilitangulia kabla ya musawo, nikasimama mbele ya benchi na makopo mawili, la hoho na la kichaa, nikawaeleza kama nilivyoelezwa. Musawo alinikuta nikiongea, akaanza, "Nani amekuruhusu," kisha akaitazama chupa niliyoishika, akaisoma, akakaa chini. Kumbe naye hakuambiwa. Tuliangalia chupa moja moja. Wawili walikuwa bado wanamalizia za zamani. Mama mmoja alikuwa amepunguza dawa mwenyewe kwa sababu ilimpa ndoto mbaya, na uoga wake ndio uliomponya. Wengine walianguka, wakaokotwa, wakadhani ni mapepo. Mabomba yao niliyachora mstari wa rangi nyekundu ya kucha, kila mmoja kwa hesabu yake, mara mbili.

Nikahesabu benchi. Kumi, pamoja na nafasi ya mama aliyebaki nyumbani. Nikahesabu tena. Kumi.

Mwisho wa benchi, karibu na mlango, hapakuwa na mto.

Nilimuuliza mtoa dawa. Alifungua daftari, akashuka kwa kidole, akasoma: amefariki, sukari. Nikamwambia sukari ndiyo aliyokosa, andika vizuri. Akafunga daftari.

Nilirudi nyumbani nikakuta mama amekaa kwenye mkeka, dhaifu bado, ulimi wake unakwaruza maneno mengine, jambo ambalo halikumwacha mpaka mwisho. Aliuliza habari za benchi. Sikutaka kusema, lakini yeye alikuwa hodari wa kuhesabu kuliko mimi, mimi nilijifunzia kwake.

"Fundi alileta rangi gani?"

Nilimwambia.

Mvua ilikuwa imekatika, jirani alikuwa anapiga unga wake nje. Kisha mama akauliza, "Kwake, ufunguo alikuwa nao nani?"

Alikuwa na binti, huyo fundi, msichana mwenye adabu aliyemsindikiza mara moja moja na kumsikiliza musawo kwa makini, akitikisa kichwa, kama mimi.

Nilitoa ufunguo mfukoni nikauweka mkekani. Mama aliufunga kwenye pindo la mtandio wake. Akavuta kopo, akafungua, akaitazama ile sukari iliyobaki, yenye vumbi la mkeka, akalifunga tena. Akaniambia nimchemshie chai, nisitie kitu. Alikunywa hivyo maisha yake yote yaliyobakia, na ufunguo hakunirudishia.